Mgeni wa Kwemtindi

Yudith Shemhilu alipostaafu, wenzake wa kituo cha hali ya hewa walimpa hema. Waliomtangulia walipewa makochi, friji, mabati ya kuezekea. Yeye alipewa hema la watu wawili, la kijani, ndani ya boksi lenye picha ya kijana na msichana wa kizungu wakicheka mbele ya moto. Walisema ni kwa sababu kila mwaka, likizo ilipokaribia, alikuwa akisema ipo siku atakwenda kulala milimani. Kwa kweli alikuwa akisema hivyo ili wasimuulize kwa nini haendi kwao.

Aliliweka chini ya kitanda. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amesoma vipimo vya mvua na joto pale Dodoma, kwanza akiviandika kwenye daftari, baadaye kwenye kompyuta, na sasa hakuna aliyehitaji kujua kutoka kwake mvua imenyesha kiasi gani. Hakuwahi kuolewa. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu naye alitumia kimoja. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, akakaa kwenye kochi kusubiri kuche. Zilikuwapo siku ambazo jua lilizama hajazungumza na mtu yeyote isipokuwa mama wa mchicha, na mama wa mchicha naye alikuwa na haraka.

Mwezi wa tisa alianguka bafuni. Hakuvunjika kitu, lakini alikaa sakafuni karibu nusu saa, mguu umekunjwa vibaya, bomba likichuruzika. Alichokiwaza muda ule hayakuwa maumivu. Aliwaza kwamba siku watakapomkuta hivi akiwa hapumui, watu wa ofisini watakaa kikao wakiulizana: kwao ni wapi, tumpeleke wapi? Mmoja atafungua faili lake na kusoma: Lushoto, Mlalo, kitongoji cha Kwemtindi. Watakodi gari. Na wakifika Kwemtindi hawatakuta hata mtu mmoja wa kuwapokea.

Jioni ile alilitoa hema chini ya kitanda. Siku ya tatu akampigia mtu mmoja wa Lushoto anayeongoza wageni milimani, ambaye namba yake aliipata mtandaoni.

Jina lake lilikuwa Mbaraka. Alimpokea stendi ya Lushoto, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, na buti zilizoshonwa upya kwa uzi mweusi. Alimwamkia shikamoo, akampokea mzigo, kisha akachungulia nyuma yake kama kuna wengine wanaoshuka.

"Uko peke yako, mama?"

"Niko peke yangu."

"Sawa. Wageni wangu wengi ni wazungu, au wanafunzi wa vyuo. Mama mtu mzima kutoka Dodoma, na hema lake mwenyewe, wewe ni wa kwanza." Akacheka kidogo, halafu akahofia amekosea. "Si vibaya lakini. Ni vizuri sana."

Yudith alimweleza anachotaka: usiku wa kwanza msitu wa Magamba, usiku wa pili Kwemtindi, juu ya Mlalo.

"Kwemtindi hakuna kambi, mama. Ni mashamba ya watu tu. Bora nikupeleke Mtae, kule unaiona nyika yote chini."

"Nataka Kwemtindi."

"Nani alikwambia habari za Kwemtindi?"

"Nilisikia tu."

Mbaraka hakuuliza tena. Alimpigia simu mwenyekiti wa kitongoji, akaeleza kuna mgeni atakayelala huko usiku mmoja, kisha wakaanza kupanda. Yudith alikuwa ameamua tangu Dodoma kwamba hatasema yeye ni mwenyeji. Akisema, ataulizwa yeye ni wa nani, na nyumba yao ni ipi, na swali hilo la pili hakuwa na jibu lake.

Kwa hiyo Mbaraka alimfundisha. Alimwonyesha mbega juu ya miti, weusi wenye mabega meupe, akamwambia hawashuki chini ovyo. Alimtajia vilima kimoja kimoja, akamweleza kwamba huku watu wanaitwa Washambaa na lugha yao ni Kishambaa. Yudith aliitikia, "Kumbe." Alipokuwa mtoto alichanja kuni ndani ya msitu kama huu, na harufu yake, ya majani yaliyooza na ubaridi, ilimfanya asimame mara mbili tatu akijifanya anavuta pumzi.

Walipiga kambi kwenye uwazi pembeni mwa kijito. Mbaraka alimwonyesha namna ya kuunganisha fito za hema na kupigilia vigingi kwa jiwe. Alipika wali na maharage, akachemsha chai ya tangawizi, akasimulia kidogo habari zake: mke na watoto wanne wako kijiji cha Malindi, njiani kwenda Mlalo, msimu wa wageni ukiisha analima karoti. Kisha akaingia kwenye kihema chake, hatua kumi hivi kutoka pale, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma.

Yudith alilala macho. Alikuwa amefikiri kwamba upweke wa msituni utakuwa wa namna nyingine, wenye utulivu ndani yake, kama alivyosikia watu wakiusifu. Aliukuta ni uleule wa Dodoma, ila huu ulikuwa na baridi. Duniani kote, alijiambia, anayejua nimelala wapi leo ni yule mtu anayekoroma pale, naye hajui mimi ni nani.

Kesho yake kabla ya adhuhuri walifika Malindi. Wanawake walikuwa wakiosha karoti mtoni, wakizikanyaga kwa miguu ndani ya maji mpaka zing'ae, na mmoja wao alimjua Mbaraka. Walisalimiana kwa Kishambaa. Yule mwanamke alimtazama Yudith toka kofia hadi viatu, akauliza, kwa lugha hiyohiyo, mama huyu mtu mzima anatangatanga na hema kwa nini? Hana watoto? Hana ndugu wa kumwambia haya si mambo?

"Ana kila kitu," Mbaraka alijibu, "ila nadhani hana mtu. Mwenye mtu halali porini kwa kupenda."

Wanawake walicheka, si kwa ubaya. Yudith aliinama akafunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa. Alipoinuka, yule mwanamke alimletea karoti tano zilizooshwa, akamwambia kwa Kiswahili, "Karibu sana Malindi, mama." Yudith alishukuru kwa Kiswahili, akala moja njia nzima asiisikie ladha yake.

Njia ya kuteremkia Mlalo ilikuwa imebadilika chini, lakini juu ilikuwa ileile. Alipouona mnara wa kanisa la Walutheri na nyumba zilizosongamana kwenye mteremko, miguu yake iliongeza mwendo bila yeye kuiambia. Penye njia panda Mbaraka alisimama kufunga vizuri mkoba wake, na alipoinua uso alimkuta mgeni wake ameshashika njia ya kushoto, yuko mbele hatua ishirini.

"Mama, umejuaje ni hiyo?"

"Nimebahatisha."

Mbaraka alimtazama kidogo, kisha akafuata.

Nyumba ilikuwa palepale. Ilikuwa imeongezewa baraza na mlango wa buluu, na miti ya mafyulisi iliyokuwa upande wa jikoni ilikuwa imekatwa, lakini kuta ni zile alizozikandika baba yake, mzee Zakaria. Barazani alikaa mwanamke wa miaka sabini hivi, ushungi wa khanga kichwani, akipukuchua mahindi kwenye ungo. Mbaraka alimsalimia kwa heshima zote. Yudith naye alimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, mgeni." Aliitwa bi Hadija. Mumewe, Ramadhani, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na watoto wake walikuwa Tanga.

Mbaraka alimweleza kwa Kishambaa kwamba mgeni anataka kulala hapa usiku mmoja ndani ya hema lake. Bi Hadija alishangaa, akauliza kama ana kichaa, akaambiwa hapana, ni mpole. Basi akanyoosha mkono kuelekea kipande cha ardhi tambarare chini ya nyumba.

"Pale patamfaa, hapatuami maji. Aangalie tu asikanyage makaburi."

"Makaburi ya kwenu?" Mbaraka aliuliza.

"Ya wenye shamba." Bi Hadija hakushusha sauti, maana alidhani mgeni hasikii Kishambaa. "Mzee Zakaria na mkewe, Esta. Watoto wao walituuzia, tukaandikiana kabisa kwamba makaburi yanabaki, na wenyewe watakuwa wanakuja kuyatunza. Huu ni mwaka wa kumi. Hajaja hata mmoja. Wamewatupa wazazi wao kama maganda."

"Labda hawapo duniani."

"Wapo. Wa kiume yuko Morogoro. Wa kike yuko Dodoma, kazi ya serikali."

Mbaraka aligeuza macho polepole kwa mgeni wake. Yudith alikuwa ameelekeza uso kwenye vilima vya ng'ambo, mikono imeshika mikanda ya begi.  Kisha Mbaraka akashukuru, wakateremka na hema.

Walilisimamisha pamoja. Safari hii Yudith alipigilia vigingi mwenyewe, na kimoja alikipiga mpaka kikapinda. Alipomaliza alikwenda yalipo makaburi, kama hatua kumi na tano kutoka pale. Msalaba wa baba yake ulikuwa umesimama. Wa mama yake ulikuwa umekatika shinani, umelala kifudifudi ndani ya nyasi. Maharage yalikuwa yamevunwa pande zote, lakini kuyazunguka matuta yale mawili kulikuwa na ukanda mtupu wa upana wa hatua mbili, na nyasi za hapo zilikuwa fupi. Kuna mtu alikuwa anafyeka.

Mama yake alipokufa, Yudith alifika kaburi likiwa na siku mbili. Alikuwa kwenye mafunzo Nairobi, na ujumbe ulichelewa. Alikaa usiku mmoja, akawaona watu wanakula na kuzungumza, akaona hana la kufanya, akarudi kazini. Miaka mingi baadaye Timotheo, kaka yake, alimpigia simu. Shamba linaliwa na majirani, alisema, hakuna anayelitazama, amepata mtu wa kulinunua, yeye anaonaje? Ilikuwa saa tisa alasiri, saa ya vipimo, naye alikuwa na kalamu mkononi. Alimjibu, "Uzeni tu. Mimi sirudi huko." Mazungumzo hayakumaliza dakika mbili. Timotheo hakuuliza mara ya pili, na yeye hakuwahi kufikiri kwamba ilifaa aulizwe mara ya pili.

Mbaraka alimfuata pale kaburini, akachuchumaa umbali wa kutosha.

"Mama, wewe unasikia Kishambaa."

"Nasikia."

"Tangu Malindi?"

"Tangu kuzaliwa."

Mbaraka alijishika kichwa. "Na nimekufundisha mbega. Nimekutajia vilima vyote."

"Ulikuwa unaeleza vizuri. Kimoja tu ulikosea jina."

"Na yale niliyosema mtoni. Nisamehe, mama. Yalikuwa maneno ya mdomo tu."

"Ulisema ulichokiona," Yudith alimwambia. "Mbaraka, sijakasirika. Niache kidogo."

Aliachwa. Wingu lilikuwa linajenga upande wa mashariki, zito na la chini, na akajua bila kutaka kwamba itanyesha kabla ya saa mbili. Alikaa mpaka ubaridi ukampenya magotini. Moshi ulipoanza kutoka jikoni kwa bi Hadija, aliinuka, akapanda, akasimama mlangoni na kupiga hodi kwa Kishambaa.

Bi Hadija alikuwa ameinama mbele ya mafiga. Aligeuka.

"Mama," Yudith alisema, na lugha yenyewe ilimtoka kwa shida, kama kitu kilichokaa kwenye kona muda mrefu. "Mimi ni Yudith wa mzee Zakaria."

Bi Hadija alirudi kuchochea moto. Alipuliza mara mbili, akasubiri ushike.

"Basi umesikia niliyosema."

"Nimesikia."

"Siwezi kuyarudisha."

"Usiyarudishe. Ni kweli."

Yule mama alikivuta kigoda kwa mguu, akakisogeza karibu na moto. "Kaa."

Yudith alikaa. Jiko lilikuwa jipya, lakini dirisha dogo la upande wa bondeni lilikuwa mahali palepale. Bi Hadija alimmiminia chai ya maziwa, akamkatia kipande cha muhogo uliochemshwa. 

"Kwa nini hukupiga hodi mchana kama mtu wa hapa?" bi Hadija aliuliza. "Unakuja na hema kama mtalii. Unaletwa na mtu, kwenye uwanja uliochezea ukiwa mdogo."

"Ningesema nimekuja kwa nani?"

"Kwangu."

"Hatukujuana, mama."

"Tungejuana leo, kama tulivyojuana sasa."

 Yudith aliuliza ni nani anayefyeka makaburi.

"Alikuwa marehemu mume wangu. Ramadhani alisema hatuwezi kula maharage ya hapa huku tunawakanyaga watu. Mwaka wa kwanza tuliwasubiri, na wa pili. Nikamwambia, lima mpaka mwisho, hawa hawaji. Akakataa. Tangu amekufa nafyeka mimi, mara moja kwa mwaka, mgongo ukikubali. Msalaba ule uliangushwa na ng'ombe wa watu. Mwenyewe siwezi kuuinua."

"Hongea, mama," Yudith alisema. Ni neno la kushukuru, na alikuwa hajalitamka tangu siku ya mwisho alipomwona mama yake hai.

Nje upepo ulianza kuvuma. Bi Hadija aliinuka akafunga dirisha, akarudi, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Hukuja kusafisha makaburi tu. Mtu hafungi safari kutoka Dodoma na hema kwa ajili ya nyasi."

"Nilikuja kuangalia kama pana nafasi," Yudith alisema. "Upande wa mama."

Bi Hadija alielewa papo hapo. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nilianguka bafuni, nikakaa chini, nikawaza. Kule nina nyumba, lakini hakuna mtu. Wakiniuliza kwetu ni wapi, nitasema Kwemtindi, na Kwemtindi niliiuza kwa simu."

Mvua ilianza juu ya bati, kwanza matone makubwa ya kuhesabika, kisha yote kwa pamoja, ikabidi wapaze sauti.

"Nafasi ya ardhi ipo," bi Hadija alisema. "Hata watu watatu wanaenea pale. Ukifa kesho nami niko hai, waambie wakulete, nitawafungulia. Lakini nisikudanganye. Shamba hili si langu peke yangu sasa, ni la watoto wa Ramadhani. Hawapendi kulima. Mimi nikiondoka watauza, na huyo atakayenunua simjui. Siwezi kukuahidi kitu kisichokuwa mkononi mwangu."

"Nimeelewa."

"Ningependa kukuahidi."

"Najua, mama. Nimeelewa."

Bi Hadija alimwambia alale ndani, kitanda kipo. Mbaraka alikuwa ameshapewa chumba cha mbele. Yudith alikataa kwa upole, akasema leo angependa alale palepale alipolisimamisha hema, na yule mama hakumlazimisha, ila alimpa gunia la kutandika chini.

Mvua haikuacha mpaka karibu na alfajiri. Maji yalipita chini ya hema, yakaloanisha gunia na blanketi, naye alikaa katikati amekumbatia magoti. Hatua kumi na tano kutoka pale walikuwapo baba na mama yake. Alikuwa amefikiri kwamba akiwa karibu nao hivi ataongea nao, ataomba radhi, pengine atalia. Hakuna kilichokuja. Alisikia mvua tu, na mara moja kikohozi cha bi Hadija kutoka ndani ya nyumba, na kikohozi kile ndicho kilichomliwaza kidogo, kwa sababu kilikuwa cha mtu.

Asubuhi Mbaraka aliinua msalaba, wakachimba shimo upya na kuukandamiza kwa mawe pande zote. Yudith aling'oa nyasi kwa mikono kwenye matuta yote mawili. Bi Hadija alisimama pembeni akielekeza, kwa kuwa mgongo haukuwa umekubali. Baadaye walikula uji, na Yudith akaandika namba ya simu ya bi Hadija, na bi Hadija akamwomba aiandike ya kwake kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akaichomeka ukutani. Alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono kwa muda mrefu, kisha kila mmoja akageuka.

Mlalo, kwenye kituo cha magari, Mbaraka alimpakilia mizigo.

"Mama, mwaka kesho ukija usinipigie kama mgeni," alisema. "Nipigie tu nije nikubebee."

"Nitakupigia."

Alipofika Dodoma alimpigia Timotheo. Walikuwa wakitumiana salamu za Krismasi na basi, na kaka yake alidhani kuna msiba.

"Hakuna msiba. Nilikwenda Kwemtindi."

 "Kufanya nini?"

"Kuona makaburi. Msalaba wa mama ulikuwa umeanguka. Tumeusimamisha."

"Wewe mwenyewe ulisema tuuze, Yudith."

"Nilisema."

"Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimekupigia ujue tu kwamba makaburi yapo."

Timotheo alikohoa, akasema magoti yanamsumbua, hawezi safari ndefu. Akauliza kama njia ya kupandia ni ileile. Yudith akamwambia ni ileile. Wote wawili hawakuwa na jingine, lakini hakuna aliyekata simu upesi, wakakaa hivyo wakisikilizana pumzi mpaka salio la Yudith likaisha.

Miezi iliyofuata bi Hadija alimpigia mara tatu. Hakuwa na jambo, alisema, alitaka tu kujua ameamkaje. Yudith alianza kuisubiri simu hiyo. Mwezi wa kwanza ilikoma. Alipopiga yeye, alipokea mwanamke mwingine, Zakia, binti wa bi Hadija, akaeleza kwamba mama alivimba miguu, wamemchukua wakae naye Tanga.

Mwezi wa nne Yudith alikwenda tena Kwemtindi. Hakumpigia Mbaraka, kwa sababu ilikuwa masika na wakati wa karoti, na hakutaka kumtoa shambani. Alipanda taratibu, peke yake, akipumzika kila baada ya kona. Mlango wa buluu ulikuwa na kufuli. Jirani, mzee Amiri, alimwambia ufunguo anao, akitaka alale ndani, lakini ndani hamna kitu, hata kigoda wamechukua. Akamshukuru, akasimamisha hema lake barazani, chini ya paa.

Kutwa nzima alipalilia makaburi. Magugu yalikuwa yamepanda mpaka kiunoni kila mahali, yakaufunika ule ukanda mtupu, ikawa huwezi kujua kaburi linaanzia wapi na shamba linaishia wapi. Njiani chini ya shamba alipita mwanamke kijana na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alisimama, akamsalimia kwa Kishambaa, akamuuliza yeye ni wa nani.

"Wa mzee Zakaria."

Yule mwanamke alifikiri. "Simjui," alisema kwa adabu, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Yudith aliwapigia watu wa Tanga, na safari hii Zakia alimpa mama yake simu. Sauti ya bi Hadija ilikuwa imepungua. Alisema huko kuna joto, hapati usingizi, na dirisha la chumba chake linatazamana na ukuta wa jirani. Wajukuu wanashinda shuleni. Akauliza yuko wapi.

"Nipo barazani kwako, mama."

"Nyumba haivuji?"

"Haivuji."

"Na maharage? Yameshatoka?"

Yudith alilitazama shamba. Ukungu ulikuwa bado haujapanda, na magugu yalikuwa yameinama kwa umande toka nyumbani mpaka bondeni.

"Hakuna aliyepanda, mama."

 Nyuma ya bi Hadija ilisikika honi ya pikipiki, kisha nyingine.

"Basi," alisema. "Nilitaka kujua tu."

Alirudisha simu kwa Zakia. Yudith alibaki barazani kitambo, kisha akateremka akamalizia upande wa mama yake, ambao jana ulimshinda kwa mizizi. Saa sita alifunga mzigo, akampungia mkono mzee Amiri aliyekuwa ng'ambo ya boma, akaanza kushuka Mlalo.